Ushirika: Hotuba kwa Wakristo wa Kiirua

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya Wakristo wa Kiirua, katika Meru. Tumeyachapa yote kwa ajili ya wasomaji wetu wa mashamba na wa miji, hasa wale walio katika jumuiya ndogo ndogo za makanisa.



Nimeombwa niseme juu ya Wakristo wa kwanza na jinsi walivyosaidiana. Mimi si padre wala si mchungaji. Kazi yangu ni kutafsiri maneno ya serikali yapate kueleweka na raia, na mtu wa kazi hiyo huwa na desturi moja ambayo pengine huwachosha wenziwe: hawezi kulipita neno pasipo kuuliza limetoka wapi. Kwa hiyo naomba mnivumilie nikianza na neno moja tu, nalo ni ushirika.

Neno hili mnalijua kwa njia mbili. Mkulima wa kahawa wa Imenti akisema ushirika, ana maana ya chama chake, pamoja na kiwanda, na mizani, na karani mwenye daftari. Mkristo akilitaja kanisani, ana maana ya kukusanyika kwa waamini na kuishiriki Meza ya Bwana. Watu wengi hudhani kwamba hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, kama kaa la moto na kaa wa pwani. Sivyo hata kidogo. Katika Kiyunani, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya, neno lenyewe ni koinonia, na jamaa ya neno hilo ilitumika sokoni kabla ya kutumika kanisani. Luka anaposimulia habari za wavuvi wa ziwa la Genesareti, asema kwamba Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, walikuwa washirika wa Simoni, yaani watu wa kazi moja na faida moja. Luka huyo huyo, alipoandika katika Matendo ya Mitume sura ya 2 jinsi waamini wa Yerusalemu walivyoishi, alichagua neno la ukoo ule ule. Nao watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 waliona jambo hilo, wakaandika washirika mahali pa kwanza na ushirika mahali pa pili. Naona walifanya vema sana.

Basi mtu akiniambia kwamba ushirika wa kanisa ni jambo la roho tu, wala haugusi ghala, wala ng'ombe, wala mfuko wa fedha, mimi humjibu kwamba huenda hayo ni mafundisho mazuri, lakini si neno aliloandika Luka.

Sasa na tutazame mambo yenyewe yaliyotukia Yerusalemu, maana yamesimuliwa mara nyingi kwa haraka, na mambo yasimuliwayo kwa haraka huharibika. Siku ya Pentekoste waliongezeka watu wapata elfu tatu kwa siku moja. Mji ulikuwa umejaa wageni waliokuja kwa sikukuu kutoka nchi za mbali. Fikirini mzigo ulioangukia jamii ile: watu wasio na shamba pale, wasio na ndugu pale, nao wanataka kula leo na kesho. Wale waliokuwa na mali wakauza, wakagawa kila mtu kadiri ya haja yake. Yusufu, Mlawi, mzaliwa wa Kupro, ambaye mitume walimpa jina la Barnaba, aliuza shamba lake, akaleta fedha, akaziweka miguuni pa mitume. Mtaona kwamba jina hilo la pili ndilo lililodumu, hata wengi wetu tumesahau kwamba aliitwa Yusufu.

Wako wasomao habari hiyo na kusema kwamba Wakristo wa kwanza waliondoa mali ya mtu binafsi. Hawakusoma kurasa zinazofuata. Petro alipomkemea Anania, alimwambia wazi kwamba kabla hajaliuza shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hakuna aliyemlazimisha. Tena katika sura ya 12 twaona kwamba Mariamu, mama yake Yohana Marko, bado alikuwa na nyumba yake, kubwa ya kutosha watu wengi wakutane humo kuomba usiku ule Petro alipotolewa gerezani. Hakuiuza nyumba. Aliifungua mlango. Kwa wengine wetu kuuza shamba kungekuwa rahisi kuliko kuufungua mlango wa sebule kila juma kwa watu wenye matope miguuni.

Basi kosa la Anania na mkewe Safira lilikuwa nini? Hawakuhukumiwa kwa kutoa kidogo. Walitoa sehemu, wakataka wahesabiwe kuwa wametoa yote. Walitaka kununua jina kama la Barnaba kwa bei ya chini. Ndugu zangu, jambo hili halikufa pamoja nao. Tangu uhuru, mwaka 1963, nchi yetu ya Kenya imejengwa kwa sehemu kubwa na michango ya harambee. Shule nyingi, zahanati na makanisa yasingekuwapo bila michango hiyo, na mtu anayeidharau hajui historia. Lakini mmeona ninyi wenyewe jinsi majina yanavyosomwa kwa kipaza sauti, na jinsi mtoaji wa fedha nyingi anavyopigiwa makofi, akaongezewa kiti cha mbele, huku mama aliyeleta shilingi ishirini zilizokunjwa katika kitambaa akitajwa mwisho, au asitajwe kabisa. Tena mmeona ahadi kubwa zinazotangazwa na ambazo hazifiki kwa mweka hazina. Hapo ndipo Anania anapokaa siku hizi. Mimi ningependa jumuiya zetu ziwe na michango isiyosomwa majina. Najua wako watakaopinga na kusema kwamba bila majina watu hawatatoa. Pengine ni kweli kwa miezi ya kwanza.

Nije sasa katika sura ya 6, ambayo kwangu mimi ndiyo sura kubwa katika habari hii yote, ingawa mahubiri mengi huiruka ili kumfikia Stefano na mauti yake. Kanisa lilikuwa likigawa chakula kila siku kwa wajane. Yakatokea manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa, na wajane wa Waebrania, wenye kusema lugha ya nyumbani, walipata. Luka hasemi kwamba mtu alifanya hivyo kwa chuki. Labda wagawaji waliwajua wale waliowajua, na majina ya wale wengine yalikuwa magumu katika ulimi wao. Mjane aliyekuja kutoka nchi ya mbali, asiyeijua lugha ya mahali vizuri, atamwambia nani kwamba leo hakupata?

Angalieni mitume walivyofanya. Hawakuwaambia wanung'unikaji wanyamaze kwa ajili ya amani. Hawakuunda kamati ya wazee wa Waebrania ili ichunguze. Waliliambia kusanyiko lichague watu saba wenye sifa njema, na majina ya saba hao yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Mtu ye yote ajuaye majina ya zamani zile ataona mara moja kwamba yote saba ni majina ya Kiyunani. Maana yake, kwa kadiri tunavyoweza kuona, ni kwamba kijiko cha kugawia kilitiwa mikononi mwa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Sijui baraza nyingi, za kanisa au za serikali, ambazo zimethubutu kufanya hivyo.

Na sasa nawauliza ninyi wa Kiirua. Nchi yenu ni njema. Iko kaskazini ya Mlima Kenya, baridi yake yafaa viazi na kabeji, na nyasi zake zafaa ng'ombe wa maziwa. Wakati wa kuchimba viazi, mashamba hujaa vibarua. Wengine ni watoto wa hapa, lakini wengine wametoka Tharaka, wengine Tigania, na wengine wamepanda kutoka nchi kavu ya upande wa Isiolo, hata Kimeru hawakijui. Wamepanga vyumba karibu na soko. Jumapili huja kanisani na kukaa nyuma. Je, mmoja wao akishikwa na homa ya mapafu, jina lake liko katika daftari ya jumuiya gani? Mara nyingi jibu ni kwamba yeye si wa hapa, na ana kwao. Ndivyo ilivyosemekana bila shaka juu ya wajane wale wa Kiyunani. Mkutano wa jumuiya ukiendeshwa kwa Kimeru tangu sala ya kwanza mpaka ya mwisho, hapana ubaya, maana lugha ya mama ni tamu katika sala. Lakini pakiwa na mtu mmoja asiyeelewa, nadhani ni wajibu kumwekea mtu wa kumtafsiria pembeni yake. Nasema hivyo kama mtu wa kazi hiyo. Haichukui nguvu nyingi.

Wazee wangu watasema kwamba kumsaidia mgeni si jambo Wameru walilongojea kufundishwa na wamisionari wa Consolata walipofika Mujwa mwaka 1911, wala na Wamethodisti walipoanza kazi yao Kaaga katika miaka hiyo. Wazee watakuwa wamesema kweli. Tunayo gichiaro. Kwa ajili ya wasomaji wa mahali pengine nieleze: gichiaro ni udugu uliofungwa zamani kati ya koo na koo, au kati ya watu wa nchi moja na wa nchi nyingine katika Meru. Walio ndugu wa gichiaro hawakuoana, maana wamehesabiwa kuwa wa damu moja. Hawakudhuriana vitani. Na mtu wa gichiaro akifika nyumbani kwako na kuomba kitu, hukumnyima. Alikula, alilala, naye alitendewa kwa heshima kubwa kuliko mtoto wa nyumba. Aliyemtendea vibaya aliogopa laana, naye aliiogopa sana.

Ninapolitafakari jambo hilo naona ndani yake kitu ambacho misaada yetu ya kanisani imekipoteza. Mtu wa gichiaro hakuwa mwombaji. Hakuinamisha kichwa. Alichopewa kilikuwa haki yake, naye alijua kwamba siku moja wewe utafika kwake, au mwanao atafika kwa mwanawe, na kipimo kitakuwa kile kile. Siku hizi mjane akihitaji karo ya mtoto hutakiwa aandike barua, apate mhuri wa chifu, aje asimame mbele ya kamati na kueleza umaskini wake huku watu wanaomfahamu tangu utotoni wakimsikiliza. Akipewa, amepewa pamoja na aibu. Wazee wetu wasingemfanyia hivyo ndugu wa gichiaro hata mmoja.

Lakini gichiaro ina ukuta. Iliwahusu wale waliotajwa katika agano; wa nje hawakuwa na dai. Tena mlinzi wake alikuwa hofu. Katika Yerusalemu ukuta ulivunjwa, na hofu ikawekwa mahali pake, yaani hofu ya kumdanganya Mungu, si hofu ya kutoa kidogo. Sioni kwa nini Mkristo wa Meru asiichukue heshima ya gichiaro, akaiacha hofu yake, na kuupanua mpaka wake umfikie kibarua wa Tharaka na mchungaji wa ng'ombe wa Isiolo. Hilo si jambo la kigeni kwetu. Ni kulipanua la kwetu.

Wengine watasema kwamba mambo ya Yerusalemu yalikuwa ya siku chache tu, ya moto wa kwanza, yakaisha. Hayakuisha, bali yalibadilika umbo yakawa na utaratibu. Yapata mwaka 155 Mtakatifu Justino alikuwa akifundisha Rumi, akaandika maelezo ya ibada ya Jumapili ili wakuu wa serikali wasiendelee kusingizia Wakristo mambo maovu. Humo anaeleza kwamba wenye uwezo na wenye nia walitoa kila mtu kwa hiari yake, na kilichokusanywa kilihifadhiwa na msimamizi wa ibada, naye ndiye aliyewatunza yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni wapitao. Miaka kama arobaini baadaye, yapata mwaka 197, Tertuliano wa Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, mtu mwenye ulimi mkali, alieleza sanduku la kanisa lake. Mchango ulikuwa mara moja kwa mwezi, kwa anayetaka na anayeweza, hakuna aliyelazimishwa. Alitilia mkazo kwamba fedha hizo hazikuliwa katika karamu wala hazikunywewa. Zilizika maskini, zililea yatima, zilitunza watumishi waliozeeka, zilisaidia waliovunjikiwa na merikebu, na waliotiwa migodini au gerezani kwa ajili ya imani.

Ilipofika mwaka 251, Kornelio, Askofu wa Rumi, aliandika barua ambayo sehemu yake imehifadhiwa hata leo. Anahesabu humo watu wa kanisa lake: makasisi 46, mashemasi 7, na wajane pamoja na wenye shida zaidi ya 1,500 waliokuwa wakilishwa na kanisa. Kumbukeni kwamba kanisa hilo halikuwa na ruhusa ya serikali, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo Askofu aliyemtangulia alikuwa ameuawa. Watu waliokuwa wakijificha walikuwa wanaweka daftari ya watu elfu moja na mia tano. Nawaambia hivyo waweka hazina wa jumuiya ambao husema kwamba daftari ni kazi ngumu.

Nitawapa mfano mmoja zaidi, nao ni wa ndugu zetu Wamethodisti, ingawa sina hakika kama wao wenyewe huukumbuka. Madarasa yao, yale ambayo Wamethodisti tangu zamani wamekutana kwayo chini ya kiongozi, yalianza kwa sababu ya deni. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa wanadaiwa fedha za kujenga nyumba yao ya ibada. Wakashauriana kwamba kila mmoja atoe peni moja kwa juma. Mtu mmoja akasema wengi ni maskini, hawawezi hata peni. Ndipo Kapteni Foy akasimama akasema apewe yeye watu kumi na mmoja walio maskini kupita wote. Atawatembelea kila juma, na asiyeweza kutoa, yeye Foy atamtolea. Wengine wakaiga. Kwa kuwa waliingia nyumba kwa nyumba kutafuta peni, wakaanza kuona waliomo ndani: huyu mgonjwa, huyu anampiga mkewe, huyu hana kuni. Kukusanya deni kukageuka kuwa kuchunga watu. Mimi napenda sana habari hiyo, kwa sababu hakuna aliyekaa mezani kubuni utaratibu wa kiroho. Walikuwa wanatafuta fedha, wakakutana na binadamu.

Wakatoliki nao, maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliamua kwamba ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo uwe kazi ya kwanza katika uchungaji wao, kwa sababu parokia ni kubwa mno na watu hawajuani. Tangu hapo jumuiya zimeenea katika kila kijiji, hata hapa Kiirua. Na upande wa Embu, Waanglikana wanajua vema habari za Uamsho, ule ulioanza Rwanda na Uganda na kufika Kenya mwaka 1937. Ndugu wa Uamsho walijulikana kwa kulipa madeni ya zamani na kurudisha vitu walivyoiba, na mgeni wa Uamsho hakutafuta pa kulala. Nyumba ya ndugu ilikuwa yake. Haya yote ni mashina ya mti mmoja.

Basi twafanyaje na tulicho nacho? Nitasema juu ya jambo moja linalonikera. Sisi ni watu wakarimu sana kwa wafu. Mtu akifa, katika siku nne hukusanywa fedha za jeneza, za gari, za chakula cha waombolezaji, na hata za picha zilizochapwa kwa rangi. Mtu huyo huyo alipokuwa mgonjwa alikosa nauli ya kwenda hospitali ya misheni ya Mtakatifu Theresa, ambayo iko hapa hapa Kiirua, na wengine humngojea yule bodaboda mwenye huruma. Sisemi tusizike. Hata Tertuliano aliwazika maskini kwa sanduku la kanisa. Nasema kwamba jumuiya yenye watu thelathini ingeweza kuwa na mfuko mdogo wa wagonjwa, wenye fedha kidogo kila mwezi, unaofunguliwa na watu wawili bila kuitisha mkutano. Mgonjwa apelekwe kwanza. Maelezo yasomwe baadaye, bila jina lake, kwamba mwezi huu kiasi hiki kilitumika kwa ugonjwa. Na hao watu wawili, kama mnaufuata mfano wa Yerusalemu, mmoja wao awe mwanamke mjane au kibarua mpangaji, kwa maana hao ndio watakaojua ni nani aliyelala ndani siku ya tatu hajafungua mlango.

Pengine mtasema hali ya viazi haikuruhusu. Najua mnunuzi anavyodai lumbesi, gunia lililoongezewa shingo mpaka likawa kama mlima, na bei ikawa ile ile. Kanuni za serikali za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na bado mkulima huonewa pale ambapo hakuna mtu wa kuzisimamia. Bwana wetu alisema juu ya kipimo kilichojaa hata kumwagika, lakini alisema juu ya mtu anayetoa kwa hiari. Kipimo cha namna hiyo kikidaiwa na mwenye lori hakina Injili ndani yake. Wakulima wakisimama pamoja katika chama na kukataa lumbesi, huo pia ni ushirika, na fedha iliyookolewa katika magunia kumi yaweza kuwa ndiyo mfuko wa wagonjwa wa mwaka mzima.

Jambo la mwisho ni gumu, nami nimeliacha mpaka sasa kwa makusudi. Matendo sura ya 11 yasema kwamba nabii Agabo alitabiri njaa, nayo ikaja katika siku za Kaisari Klaudio, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hata 54. Wakristo wa Antiokia, wengi wao watu wa mataifa, hawakungoja waombwe. Waliazimu kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, kila mtu kadiri ya uwezo wake, wakaupeleka kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Kumbukeni kwamba wako Wayahudi waliokataa hata kula pamoja na watu wa namna ya hao wa Antiokia. Msaada ulipanda njia ile ile ambayo dharau ilikuwa imeteremkia.

Mkisimama hapa Kiirua mkatazama kaskazini, mwaona nchi ikiteremka na kukauka mpaka Isiolo. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosa huko misimu mitano mfululizo, na mifugo ilikufa kwa wingi sana. Kati yetu na jirani zetu wa huko pamekuwa na ugomvi wa mpaka na wa malisho, na wizi wa ng'ombe. Wako watu ambao ng'ombe wao hawakurudi, na wako waliozika. Siwezi kumwambia mtu aliyezika kwamba asahau. Lakini ukame utakuja tena, na wengi wa watakaokuwa na njaa si Wakristo. Mwaka 362 Kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo na kuuchukia, alilalamika katika barua kwa kuhani wake mmoja kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wa dini ya Kaisari pia. Adui ndiye aliyeandika ushahidi huo.

Paulo alipokusanya fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu alifanya mambo matatu ambayo yangefaa hapa. Aliwaagiza Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma, ili pasiwe na mbio za michango atakapofika. Aliwaambia kwamba Wamakedonia, walio maskini kuliko wao, wamekwisha kutoa, nao Wakorintho walikuwa wameanza mwaka mmoja nyuma na hawajamaliza, nadhani walitahayari. Tena hakuzibeba fedha peke yake. Alifuatana na watu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asipate la kumlaumu. Kama jumuiya za Kiirua zikianza kuweka debe moja la viazi katika kila kumi za mavuno haya, au bei yake, na zikachagua mtu mmoja Mkatoliki, mmoja Mmethodisti, na mmoja asiye Mmeru wa kufuatana na mzigo huo, basi patakuwa na kitu ghalani kabla Agabo hajaja.

Nimemaliza. Kama kuna swali, na liulizwe, kwa Kiswahili au kwa Kimeru. Na kama yupo mtu huko nyuma anayetaka kuuliza kwa Kiborana au Kiturkana, tafadhali mwenye kuijua lugha hiyo aje akae karibu naye.